Yemima, Kezia au Keren-hapuki? Ukitaka kumpa binti jina la watoto wa Ayubu, soma hapa kwanza

Kama unatafuta jina la kike la Kibiblia na umechoka na Ruth, Esta, Sara na Mariamu ambao mwalimu akiita mmoja wanaitika wanne, nenda mwisho kabisa wa kitabu cha Ayubu, sura ya 42 mstari wa 14. Pale kuna majina matatu ambayo wengi tunayapita mbio kwa sababu tumeshachoka na sura karibu arobaini za maneno ya Ayubu na wale marafiki zake: Yemima, Kezia na Keren-hapuki. Ndo mabinti waliozaliwa baada ya mateso kuisha. Yote matatu ni ya Kisemiti (ukoo wa lugha kama Kiebrania na Kiarabu), yote yana maana nzuri, ila ukianza kuyatumia kwenye maisha ya kila siku hayalingani hata kidogo, na watu wengi wanachagua kwa kuangalia maana tu kwenye gugo halafu wanasahau kwamba kuna mtoto atalijaza hilo jina kwenye fomu mpaka azeeke.

Kwanza stori yenyewe maana ndo thamani ya haya majina. Ayubu alianza na watoto wa kiume 7, wa kike 3, kondoo 7,000 na ngamia 3,000. Akapoteza vyote. Mwisho anarudishiwa mara mbili, kondoo 14,000, ngamia 6,000, lakini watoto wanabaki hesabu ileile, 7 kwa 3. Marabi wa Kiyahudi waliliona hilo zamani na wakauliza kwenye Talmudi, maandiko yao ya kale ya mafundisho, mbona mabinti hawakuongezwa, jibu likawa hawakuongezwa idadi, waliongezwa uzuri. Sasa angalia kituko kingine, wale wavulana saba hakuna hata mmoja aliyetajwa jina, saba wote kimya, mabinti watatu wanatajwa mmoja mmoja na mstari wa 15 unasema baba yao aliwapa urithi pamoja na kaka zao. Kwa zama zile hilo sio jambo dogo, mabinti wa Selofehadi kwenye Hesabu 27 ilibidi wasimame mbele ya Musa na wazee kudai, na walipewa kwa sababu baba yao hakuacha mtoto wa kiume. Ayubu alikuwa nao saba na bado akawapa mabinti. Kwa hiyo jina lolote utakalochukua hapa unamwita binti yako mrithi bila kulitamka hilo neno.

Na huyu mzee kwa aliyoyapitia angekuwa wa kwetu watoto wangeitwa Shida, Taabu, Masumbuko na Majuto, tunajijua. Yeye akachagua vitu vya kupendeza tu: ndege (au mchana, tutabishana hapo chini), harufu nzuri, na wanja.

Tuanze na Yemima. Hili maana yake ina ugomvi. Wengi wanasema ni njiwa kwa sababu Kiarabu kina neno yamama, yule njiwa wa porini ambaye sisi tunamwita hua, tofauti na hamamu ambaye ni njiwa wa kufugwa. Herufi za mzizi ni zilezile. Upande wa pili wanasema linatoka kwenye yom, siku au mchana, na hao nao sio wa kupuuzwa manake Wayahudi waliotafsiri maandiko kwenda Kigiriki kabla ya Kristo hawakuandika Yemima kabisa, waliandika Hemera yaani Siku, na Biblia ya Kilatini ikafuata ikaandika Dies. Talmudi pia iko upande huo, anafanana na mchana. Mimi naona njiwa ana nguvu zaidi kilugha, kwani Kiebrania kinapenda kuwaita wanawake kwa majina ya viumbe, Sipora ni ndege mdogo, Debora ni nyuki, Raheli ni kondoo jike, Yaeli ni mbuzi wa mwituni. Yemima akikaa kwenye hilo kundi haonekani mgeni. Ila ukipenda la mchana hakuna atakayekushtaki, hata ukimjibu mtoto "yote mawili" hujadanganya.

Kwa wale wenye ndugu Waislamu, masikio yao yatasikia kitu kingine, Yamama, lile eneo la katikati ya Uarabuni ambako baada ya Mtume kufariki vilipiganwa vita na Musaylima aliyejidai nabii, na wakafa wengi waliohifadhi Kurani, ndo Abubakar akaagiza ikusanywe. Na kuna kisa cha Kiarabu cha Zarqa al-Yamama, mwanamke aliyekuwa na macho ya buluu anaona mbali mpaka mwendo wa siku tatu, akawaambia watu wake kuna miti inatembea inakuja, wakamcheka, kumbe ni jeshi limejificha nyuma ya matawi. Mimi hicho kisa kinanifanya nilipende jina zaidi japo ukoo wake na binti wa Ayubu ni wa sauti tu.

Shida ya Yemima ni ile herufi ya kwanza. Biblia ya Kiswahili inaandika kwa Y, ambayo ndo karibu na Kiebrania, lakini Kiingereza na Kifaransa vinaandika Jemima, na Kenya wengi wamechukua J. Mkenya aliyelibeba jina hili mbali kuliko wote ni Jemima Sumgong, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki kule Rio 2016, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuchukua dhahabu ya mbio hizo, halafu 2017 akakutwa na dawa zilizokatazwa akafungiwa. Kwa hiyo ukimwita binti Jemima Eldoret watu wana kumbukumbu mbili kwa mpigo.

Marekani ndo kuna shida kubwa zaidi na wenzetu wa huko mnaijua. Kulikuwa na unga wa pankeki wenye picha ya mwanamke mweusi, Aunt Jemima, ulianza 1889, na sura yake ilitokana na maonyesho ya jukwaani ya kuwadhihaki watu weusi, yule yaya mnene mwenye kitambaa kichwani anayetabasamu muda wote akiwahudumia wazungu. Jina likageuka tusi kwa wanawake weusi. Kampuni ilitangaza 2020 kwamba inaliacha na 2021 unga ukaitwa Pearl Milling Company, lakini miaka mia na thelathini haifutiki kwa kubadilisha boksi. Mtoto mweusi anayeitwa Jemima akienda shule Texas au Ohio atakutana nalo, labda sio kwa wenzake ila kwa walimu na wazee. Ukiliandika Yemima na kulitamka Yemima balaa hilo linapungua sana, watu hawaunganishi haraka. Dar, Kigoma, Goma au Nairobi hamna anayejua habari za huo unga, lala salama.

Sasa Kezia. Hili ndo nalipenda na sifichi.

Kezia ni gome. Ni ule mdalasini wa kasia, na neno lenyewe limetoka kwenye mzizi wa kukwangua, ukisoma Walawi 14:41 pale kuhani anapoagiza nyumba yenye pigo ikwanguliwe kuta ndani pande zote, kile kitendo kwa Kiebrania ni mzizi huohuo wa Kezia. Ukifikiria kwa haraka unaona ajabu, mtoto mzuri ameitwa kwa kukwangua, ila nenda shamba la viungo Unguja uone kazi yenyewe. Jamaa anakata tawi, anakwangua ile ngozi ya nje ya kijivu mpaka ibaki laini, anachora kwa ncha ya kisu mstari wa kushuka, anaingiza kisu chini ya gome na kulibandua taratibu lisipasuke, na harufu inatoka palepale kabla hata halijakauka, halafu likianikwa linajikunja lenyewe kuwa kile kijiti tunachonunua. Bila kukwanguliwa mti ni mti tu, unaweza kupita chini yake usijue. Waarabu nao wamefikiria hivyohivyo kwa maneno tofauti, kasia wanaiita salikha, kitu kilichochunwa, na mdalasini wanauita qirfa, kitu kilichobanduliwa. Binti aliyezaliwa na mtu aliyekaa kwenye majivu akijikuna kwa kigae (Ayubu 2:8) anaitwa jina la kitu kinachonukia baada ya kukwanguliwa. Sijui kama mzee alikusudia au mwandishi ndo alikuwa fundi, ila inakaa vizuri mno.

Neno hilo linarudi mara moja tu kwenye Biblia, Zaburi 45:8, mavazi ya mfalme siku ya harusi yananukia manemane, udi na hiyo kezia, Kiswahili kimeweka mdalasini. Mtu wa pwani hahitaji mahubiri hapo, anayajua mambo ya chetezo na nguo za harusi kufukizwa zikashika udi wiki nzima. Kwa hiyo Kezia kwetu sio jina la kigeni kwa maana, ni harufu ya nyumbani. Na kwa wapenzi wa jikoni, kasia na mdalasini wa Sri Lanka ni ndugu ila sio kitu kimoja, kasia vijiti vyake ni vinene na vigumu na ladha kali, ule wa Sri Lanka ni mwembamba una tabaka nyingi na unavunjika kwa vidole.

Kulitamka sasa, hapo Kezia anawaacha wenzake mbali. Ke-zi-a, silabi zote zinaisha na vokali, bibi asiyesoma anaweza, Mzungu anaweza, Mhindi wa dukani anaweza. Waskoti walikuwa na mwanasiasa Kezia Dugdale aliyeongoza chama cha Labour cha kwao 2015 hadi 2017, na upande wetu kuna Mama Kezia Obama, mke wa kwanza wa baba yake Barack Obama, aliyefariki Uingereza 2021, kwa hiyo jina limeshapita kwa Wajaluo na kwa Waskoti na hakuna aliyelikunja. Wakongo wanaandika Ketsia kwa sababu Biblia yao ya Kifaransa inaandika hivyo, na ukweli Ketsia ndo karibu zaidi na Kiebrania chenyewe, kule herufi ya katikati ni "ts". Ukikutana na Ketsia wa Lubumbashi na Kezia wa Kisumu ni jina moja.

Ila kuna mtego na uniskilize hapa. Usiliandike kwa S. Kuna wanaoandika Kesia, na mtoto akifika darasa la tatu ataitwa Kesi, "Kesi umefika, Kesi una hakimu?", watoto hawana huruma. Kwa Z anakuwa Kezi au Zia na hayo yote mazuri. Na lile h la mwisho, Keziah, ni pambo la Kiingereza tu, liweke ukitaka lakini ujue umemuongezea mtoto kazi ya kusema "na h mwishoni" kila dirisha la benki.

Keren-hapuki ndo kiboko. Hakuna jina lenye picha kali kama hili na hakuna gumu kama hili. Keren ni pembe, ha ni kile kiambishi chao cha kuonyesha kitu mahususi, puki ni wanja. Pembe ya wanja, yaani chombo cha kuwekea wanja, maana zamani pembe ya mnyama ilikuwa chupa, hata Samweli alimpaka Daudi mafuta yaliyokuwa kwenye pembe. Kwa hiyo binti wa tatu ameitwa kikopo cha mekap, tuseme ukweli, na mimi naona ni jambo la kufurahisha sana kwa sababu wanja kwenye sehemu nyingine za Biblia unasemwa vibaya, Yezebeli anapaka wanja dirishani kabla hajatupwa chini (2 Wafalme 9:30) na Yeremia 4:30 anawasema wanaojipaka, wahubiri wanaijua mistari hiyo kwa moyo. Halafu mtu mwenye haki kuliko wote wa zama zake anamwita bintiye wanja! Next time ukisemwa kanisani kwa ajili ya macho yako una jibu.

Watafsiri wa Kigiriki inaonekana lilikuwa zito kwao, wakaandika Pembe ya Amalthea, yule mbuzi wa hadithi zao aliyemnyonyesha Zeus na pembe yake ikawa haiishi neema. Kuna andiko la kale la Kigiriki lililobaki nje ya Biblia, Agano la Ayubu, linatumia jina hilohilo na lina kisa kizuri cha hawa mabinti, mali wanapewa kaka zao, wao wanalalamika, baba anawapa kila mmoja mshipi wa rangi nyingi uliomponya yeye mwenyewe, wakijifunga wanaanza kuimba kwa lugha za malaika. Mimi binafsi bado nabaki na Biblia, bora shamba kwanza mshipi baadaye.

Pembe ina mambo yake pia. Kwao ni nguvu na heshima, Hana anaimba pembe yangu imetukuka (1 Samweli 2:1), na mzizi huohuo ni wa kung'aa, kwenye Kutoka 34:29 uso wa Musa uling'aa, mtafsiri wa Kilatini akaelewa kaota pembe, na ndo maana Michelangelo alimchonga Musa na pembe mbili kichwani, sanamu iko Roma mpaka leo. Waisraeli wa sasa wanatumia Keren peke yake kama jina la kike na wengi wanasikia mwale wa mwanga humo. Kwetu ukimwambia bibi kwamba jina la mjukuu wake ni pembe, wa kwanza kumjia kichwani ni mganga. Mwambie mwale.

Kulitamka: Keren linaisha na n, kwa hiyo tegemea Kereni kwa wazee, sio mbaya. Lakini nusu ya watu wataandika Karen, na hapo kuna mawili, Nairobi watauliza kama ulizaliwa mtaa wa Karen, na onlaini Karen siku hizi ni yule mama wa Kizungu anayetaka kuongea na meneja. Karen ni jina tofauti kabisa, ni la Kidenimaki kutoka Katherine, ila nani ana muda wa kuelezea kila siku? Na lile la pili, hapuki, msomaji wa Kiswahili anasoma kama kitenzi cha kukana, "hapuki" kama "hanuki", kashamaliza. Wakenya na Wakongo wanaolitumia zima wengi wanaandika Kerenhappuch neno moja, p mbili, ch mwishoni, na utamkaji kila mtu na wake. Linabebeka hata hivyo, Marekani kuna Kerenhappuch Turner anayekumbukwa kwa kuuguza majeruhi wa vita ya Guilford Courthouse, Carolina Kaskazini, ya 1781, na 1902 walimjengea sanamu palepale kwenye uwanja wa vita. Na kwa wale wanaopenda kumpaka mtoto mchanga wanja, jina ni salama, wanja wenyewe angalia, baadhi una madini ya risasi na hospitali wanakataza.

Waislamu mnaopitia hapa: Kurani inamtaja Nabii Ayubu ila mabinti hawatajwi kwa majina, kwa hiyo hakuna jina hapa lenye uzito wa dini kwenu, ingawa wenye ndugu Salala kule Omani mtakuwa mmepanda ule mlima kuzuru kaburi linalosemwa ni lake. Ukitaka jina la nyumba hiyohiyo lenye mizizi kwenye mapokeo yenu chukua Rahma, mkewe anavyoitwa, japo hilo sio adimu tena, kila mtaa una Rahma wawili.

Sasa kuchagua. Kama uko Afrika Mashariki na unataka jina adimu lisilosumbua, Kezia kwa Z, usifikirie mara mbili. Kama unaishi Marekani au unapanga kwenda, Kezia tena, na Jemima achana nalo, Yemima kwa Y linawezekana. Kama bibi wa mtoto aliitwa Jemima na ndo unataka kumrithisha, basi andika vilevile kama kitambulisho cha bibi, heshima ya ukoo inazidi haya yote. Yemima linampendeza zaidi mtu anayetaka jina la upole, lina sauti laini, na kifupi chake Mima ni kitamu. Keren liweke katikati, mfano Neema Keren au Kezia Keren, hapo linapumua bila kubeba mzigo, na hapuki ibaki stori ya nyumbani ya kumsimulia akikua na kuanza kuiba wanja wako.

Mapacha wa kike? Yemima na Kezia, Kurwa na Doto wa Ayubu, na wanakaribiana urefu hata kwenye keki. Watatu wakija Mungu akupe nguvu, na hapo ndo nakuruhusu hapuki.

Kitu cha mwisho ni cha ofisini. Amua spelingi kabla hujaenda kusajili, iandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa umpe karani aione, usimtajie kwa mdomo, kwa sababu Yemima la cheti cha ubatizo, Jemima la cheti cha kuzaliwa na Jemimah la shule ni watu watatu tofauti kwenye sistimu, na siku ya pasipoti utaapishwa kwa wakili ueleze kwamba ni mtoto mmoja. Na kistari cha Keren-hapuki usikiweke kabisa kama unaweza, fomu nyingi za kwenye kompyuta zinakikataa.